Wageni 30, joto la Desemba na sinia la vitafunwa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Kigamboni, Dar es Salaam, na ninakuandikia kwa sababu sikukuu ya mwaka huu imeniangukia bila kunipa nafasi ya kujiandaa. Kila Desemba huwa tunapanda Moshi kwa wakwe zangu, kama wafanyavyo Wachaga wengi waishio mjini, lakini safari hii mama mkwe yuko kwetu kwa matibabu ya macho na daktari amemkataza kusafiri, kwa hiyo ukoo umeamua kumfuata aliko. Tarehe 26 Desemba ninatarajia watu wapatao 30 nyumbani kwangu: ndugu wa mume wangu kutoka Moshi na Arusha, wajomba na mama wadogo zangu kutoka Tanga ambao ni Waislamu, majirani wachache, na watoto ambao idadi yao haitajulikana mpaka washuke kwenye magari.

Nyama ya kuchoma imechukuliwa na mume wangu pamoja na wadogo zake, na kwa jinsi ninavyowafahamu, haitafika mezani kabla ya saa 8 mchana, ilhali wageni wataanza kuingia saa 6. Wifi yangu anayeishi Ujerumani, ambaye atakuwa hapa kwa likizo, amependekeza tuzibe pengo hilo kwa ubao mkubwa wa vitafunwa kama anavyoona huko: jibini za aina nne au tano, salami, zabibu, biskuti za chumvi na chokoleti, vyote vimepangwa pamoja katikati ya meza na kila mtu ajichukulie. Amenitumia picha na kwa kweli zinavutia, tena mume wangu ameshakubali bila kuniuliza itagharimu kiasi gani. Nilipopita kwenye duka kubwa moja la Masaki nikatazama bei ya jibini tu, nilirudi nyumbani nimenyamaza.

Mama mkwe naye amelisikia jambo hilo na hakulipenda. Amesema kwamba watu hawawezi kutoka Kilimanjaro hadi Dar es Salaam kuja kupewa vipande vya kuchezea mdomoni, na kwamba aibu hiyo itaandikwa kwa jina lake. Wifi naye anaona mama hataki kitu kipya. Mimi nimekaa katikati, na mwenye nyumba ni mimi.

Zaidi ya hayo, baraza letu halina kiyoyozi, tuna jokofu moja la wastani, umeme hukatika bila taarifa, na sijui nimwambieje wifi kuhusu salami ya nguruwe bila kumfanya ajione amekataliwa. Naomba unielekeze: sinia la namna hii lifanyike au liachwe, na kama litafanyika, liwekwe nini ili liwatoshe watu, lisiharibike, na lisinimalizie fedha za Januari?

Mama Wawili, Kigamboni

*

Marahaba, mwanangu, na umpe mama mkwe pole zangu.

Nitaanza na mzozo, kwa kuwa ukishatulia, kazi ya jikoni itakuwa nyepesi. Nionavyo mimi, mama mkwe na wifi yako hawabishani juu ya kitu kimoja. Mama anazungumzia chakula, yaani kile ambacho mgeni atakisimulia akirudi kwake. Wifi anazungumzia namna ya kuwashika watu kwa muda wa saa 2 wakati harufu ya nyama inawapita puani na sahani zao ni tupu. Wote wawili wana haki, na inaelekea hakuna aliyemweleza mama ratiba ya siku hiyo kwa ukamilifu. Mweleze kwamba vitafunwa vitatolewa saa 6, vitaondolewa mezani saa 7 na nusu, na saa 8 nyama itakuja pamoja na ndizi, wali na kila kitu ambacho yeye angekipika angekuwa kwake. Mweleze wewe mwenyewe, usimtume mume wako, maana wanaume hufupisha habari mpaka inageuka ugomvi. Kisha mkabidhi kazi moja iliyo yake, nami nitaitaja hapa chini.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba sinia lifanyike, lakini si lile la kwenye picha. Tatizo la picha hizo ni hali ya hewa kabla hata ya kuwa bei. Jibini laini, salami na chokoleti ni vyakula vinavyotaka chumba chenye ubaridi, na baraza la Kigamboni mwishoni mwa Desemba hufika nyuzi 31 au 32 kivulini, pamoja na ule unyevu wa bahari ambao hulainisha biskuti kabla hujamaliza kuifungua pakiti ya pili. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chakula kilichopikwa na kile kinachoharibika upesi kisikae nje kwa zaidi ya saa 2, na kwamba kihifadhiwe chini ya nyuzi 5 au kiwe cha moto kupita nyuzi 60, kwa sababu kati ya viwango hivyo vijidudu huongezeka kwa kasi. Nchini Marekani wataalamu wa usalama wa chakula huupunguza muda huo hadi saa 1 pale joto linapopita nyuzi 32. Nyumbani kwako wewe shika saa 1, wala usimwonee mtu haya.

Ukilikubali hilo, namna nzima ya kulifikiria sinia inabadilika. Hulijazi mara moja asubuhi ukalisahau, bali unaliandaa katika tabaka mbili: vitu ambavyo havijali joto, ambavyo vitakaa mezani tangu mwanzo hadi mwisho na ndivyo vitakavyolifanya lionekane limejaa, na vitu vinavyoharibika, ambavyo vitatoka jikoni kidogo kidogo, kila baada ya dakika 20 au 30, vikiliwa ndipo vingine vije. Hata mgeni anayechelewa hukuta kitu kipya, badala ya kukuta mabaki ya waliowahi.

Tabaka la kwanza pwani yetu inalo tele, na hapa ndipo akiba yako ya fedha ilipo. Anza na korosho. Msimu wa Mtwara na Lindi hufunguka kuanzia Oktoba, kwa hiyo Desemba unaweza kupata korosho mpya ambazo hazijapata harufu ya mafuta yaliyokaa, na hizo ukizikaanga mwenyewe zinawashinda wenzao wa kwenye pakiti kwa mbali. Nunua zilizobanguliwa lakini hazijakaangwa, uzitie kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo, uzigeuze bila kuchoka mpaka zianze kubadilika rangi, halafu unyunyize vijiko viwili vya maji uliyoyeyushia chumvi. Zitapiga kelele kidogo, maji yatakauka, na chumvi itabaki imeshikamana na korosho badala ya kubaki chini ya bakuli. Ziache zipoe kabisa kabla ya kuzifunika, na usizimimine mezani mpaka wageni wawe wameketi. Gramu 700 zinawatosha watu 30 ambao wana nyama mbele yao.

Kando ya korosho weka tende. Kilo moja inatosha, na ukitaka kuzipendezesha, zipasue, utoe kokwa, uweke korosho moja ndani ya kila tende; ni kazi ya kuwapa watoto wakubwa siku ya Krismasi jioni. Weka pia chipsi za muhogo au za ndizi mbichi, ubuyu wa Zanzibar ambao watoto watauchangamkia kabla hata hawajakaa, na halua. Halua haihitaji jokofu, tena ikitiwa kwenye baridi hukakamaa. Ikate vipande vidogo kwa kisu ulichokipaka mafuta, maana mtu mmoja hawezi kula nyingi, na kama kuna mzee wa Tanga anayejua kuchemsha kahawa chungu yenye tangawizi, mpe birika na vikombe vidogo naye atakuwa amepata kiti chake cha siku.

Wale mama wadogo zako usiwaache waje mikono mitupu, kwa sababu najua hawatakuja mikono mitupu hata ukiwakataza, afadhali uwaelekeze. Waombe visheti na vileja, ambavyo husafiri vizuri ndani ya ndoo yenye mfuniko, havitoi mafuta wala maji, na hukaa siku kadhaa bila kubadilika. Usiwaombe kaimati. Ni tamu, lakini shira yake huita nzi wa mtaa mzima na humwagikia kila kilicho jirani. Mkate wa kumimina nao uje mzima, ukatwe hapo hapo, kwa kuwa vipande vilivyokatwa Tanga vitafika Kigamboni vikiwa vikavu.

Matunda yasikusumbue. Zabibu za kutoka nje ni ghali, na huo ni msimu wa maembe. Kuagiza zabibu wakati dodo na bolibo zimejaa sokoni ni kutafuta gharama kwa mkono. Kata mashavu ya embe pande zote mbili za kokwa, uyachore kwa kisu kwa mistari ya kukatana bila kupitiliza ganda, kisha uyabinue; vipande vitasimama vyenyewe na mtu atakula bila uma. Tenga pia bakuli moja la embe mbichi iliyokatwa vijiti, pamoja na chumvi na pilipili ya unga pembeni. Nanasi la Kiwangwa ni zuri sana wakati huo, lakini likate dakika ya mwisho, na matunda yote yenye maji uyaweke kwenye mabakuli yake. Nimeshaona masinia mengi yaliyopangwa kwa ustadi yakiharibiwa na tikiti maji lililovuja taratibu chini ya biskuti mpaka zote zikawa uji. Tunda lililokatwa nalo lihesabu kuwa chakula cha saa 1.

Sasa tabaka la pili, na kwanza jibini, kwa kuwa najua wifi ataiuliza. Usinunue aina tano. Nunua moja tu, iwe ngumu, na si lazima iwe imevuka bahari, kwani Njombe na Iringa kuna viwanda vya maziwa vinavyotengeneza jibini nzuri. Jibini ngumu ina maji machache kuliko laini, kwa hiyo kwenye joto itatoka jasho na kung'aa lakini haitasambaa mezani. Kadiria gramu 30 kwa kila atakayeila, na kwa kuwa wageni wako wengi hawakuzoea jibini, hesabu watu 20, yaani gramu 600. Igawe mara mbili: nusu itoke saa 6 na robo, nusu ibaki kwenye jokofu mpaka ile ya kwanza iishe. Ikate muda mfupi tu kabla ya kuitoa, kwa sababu vipande vidogo hupata joto upesi. Pembeni yake weka kibakuli cha asali ya Tabora na vipande vya embe iliyoiva. Mzee aliyeapa kwamba hali jibini, mpe kipande kimoja pamoja na embe halafu umtazame usoni.

Vitu vya kukaanga viwe viwili tu, mbali na kile cha mama mkwe. Mimi ningechagua sambusa za nyama na bajia za dengu au kunde, kwa kuwa bajia huwafaa na wasiokula nyama. Sambusa zitengeneze siku tatu nne kabla, uzigandishe mbichi kwenye friza zikiwa zimetandazwa zisigusane, na zikishakuwa ngumu ndipo uzikusanye kwenye mfuko. Siku yenyewe zitoke kwenye friza ziingie moja kwa moja kwenye mafuta ya moto wa wastani. Ukizingoja ziyeyuke, manda italowana na kupasuka. Kaanga 15 au 20 kwa mkupuo. Na tafadhali usizifungie kwenye hotpoti zikiwa bado zinafuka, kosa linalofanyika katika kila shughuli mjini hapa, maana mvuke hauna pa kutokea na baada ya robo saa unagawa sambusa zilizolegea. Zitandaze kwenye wavu au karatasi ya jikoni zichuje mafuta, kisha ziende mezani. Chatne iwe ya ukwaju uliochemshwa na sukari, chumvi na pilipili, kwa sababu ya nazi huchacha upesi kwenye joto hilo.

Kazi ya mama mkwe ni ndizi mzuzu. Mwombe akusimamie kuzichagua, kwa kuwa jicho lake hata likiwa na dawa litajua zaidi kuliko langu na lako ni ipi imeiva ya kukaanga na ipi itanyonya mafuta. Asikae yeye penye moto na moshi, daktari wake hatapenda. Aketi kwenye kiti mlangoni mwa jiko, na wajukuu wakate na kukaanga kwa maelekezo yake. Zikifika mezani, tangazeni kwamba ni ndizi za bibi.

Kwa hesabu ya jumla, vitafunwa vinapofuatwa na chakula kamili, vipande 5 vya kukaanga kwa mtu mmoja vinatosha. Kwa wageni 30 hiyo ni vipande 150: sambusa 60, bajia 60, na vipande 40 vya ndizi, ambavyo vinapita kidogo tu kwa ajili ya wale watoto wasiohesabika. Ukizidisha hapo, nyama ya mume wako itabaki na lawama zitakuja kwako.

Kuhusu salami, msimamo wangu ni kwamba nguruwe asiwepo mezani kabisa. Wapo watakaokushauri utenge sahani yake na kisu chake kwenye meza ya pembeni. Katika kikao cha watu wazima sita hilo linawezekana, lakini katika nyumba yenye watoto wanaokimbia na koleo mkononi haliwezekani, na wajomba zako wataishia kushika korosho kwa mashaka na kusema wameshiba. Kama wadogo wa mume wako wana wazo la kitimoto kwenye jiko hilo la kuchomea, nalo lisubiri siku nyingine. Mahali pa salami wekeni mishikaki midogo ya ng'ombe, vipande viwili kwa kijiti, itakayotoka jikoni kwa mikupuo kama sambusa. Angalia pia vitu viwili ambavyo watu husahau: peremende laini za jeli mara nyingi huwa na gelatini, ambayo yaweza kuwa ya nguruwe, na baadhi ya jibini hugandishwa kwa kimeng'enya kitokacho tumboni mwa ndama, jambo ambalo Waislamu wengine hulitilia maanani. Soma maandishi ya pakiti, na ikiwezekana chagua jibini iliyogandishwa kwa kimeng'enya kisichotokana na mnyama.

Wifi mwambie mapema, kabla hajafunga sanduku lake, na umwambie kwa simu, si kwa ujumbe ambao atausoma kwa sauti asiyoijua. Unaweza kusema hivi: "Wifi, wazo lako limenisaidia, nasi tutalifanya. Wajomba zangu wa Tanga watakuwepo, kwa hiyo salami tuiache, lakini nataka wewe ndiye upange sinia, maana mimi jicho hilo sina." Usimpe sababu kumi, moja inatosha. Chokoleti zake azilete na zikae kwenye jokofu mpaka jua litakapozama, kwa kuwa mafuta ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi na huanza kulegea kabla ya hapo. Ukiziweka barazani saa 6 mchana, utazifuta kwenye mito ya viti hadi Februari.

Kuhusu chombo, usinunue ubao. Sinia pana la chuma kisichoshika kutu litakusaidia zaidi katika hali ya hewa yako, kwa sababu chuma hupitisha baridi na mbao haipitishi: ukiweka barafu kwenye beseni pana lisilo na kina, kisha sinia juu yake, jibini na matunda vitapata ubaridi kutoka chini. Vya kukaanga na vikavu vipewe sinia la pili lisilo na barafu. Kama masinia uliyonayo ni ya alumini, chatne ya ukwaju na kitu chochote chenye ndimu kisiguse chuma hicho, bali kikae kwenye kibakuli cha kioo au cha udongo, la sivyo kitapata ladha ya bati. Na kama fundi wa mtaani ameshakuahidi ubao wa mninga, hakikisha hakuupaka vanishi ya fanicha mahali chakula kitakapolala.

Urembo utapata bure. Tafuta majani mawili ya mgomba, uyafute kwa kitambaa chenye maji, kisha uyapitishe juu ya moto wa mkaa taratibu, upande mmoja baada ya mwingine. Utaona rangi ya kijani inaiva na kung'aa ghafla pale moto unapopita, na jani lililokuwa linapasuka kwa kuguswa linakunjika kama kitambaa. Litandaze kwenye sinia kabla ya kupanga. Mabakuli yatangulie, ya chatne, asali, korosho na embe mbichi, yakae mbalimbali. Baada yake tende na halua. Na mwisho chipsi na visheti vijaze mapengo. Sinia la vya moto liache uwazi katikati, ambapo kila mkupuo utamiminwa. Kila chakula kiwe na kijiko au koleo lake, na vijiti vya meno viwe vingi kuliko unavyodhani. Kawa mbili za ukindu zitafunika kila watu wanapotawanyika, na feni ikiwapo iielekee meza, maana nzi hawapendi upepo.

Suala la umeme liandalie usiku wa kuamkia Krismasi, si asubuhi ya tarehe 26. Jaza chupa za maji za nusu lita, uache nafasi kidogo juu kwa kuwa maji yakiganda hutanuka, na uzipange kwenye friza mpaka lijae. Friza lililojaa, lisipofunguliwa, hushika baridi kwa takriban saa 48 baada ya umeme kukatika, na lililojaa nusu hushika kama saa 24, ilhali jokofu la kawaida hushika saa 4 hivi tu. Asubuhi hamishia baadhi ya chupa kwenye deli au boksi la barafu pamoja na jibini na matunda, ili watu wasifungue jokofu kila dakika; yakiyeyuka, ni maji ya kunywa.

Watoto uwaangalie kwa mambo matatu. Korosho na karanga nzima wasipewe walio chini ya miaka 4 au 5, kwa sababu huweza kuwakaba, na wifi akileta zabibu hata hivyo, zikatwe kwa urefu kabla ya kuwafikia. Asali asilambishwe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Na waulize wazazi mapema kama kuna mtoto anayedhurika kwa karanga, korosho, mayai au maziwa. Akiwepo, mtengee sahani yake kabla sinia halijaguswa na mikono ya watu, kwa sababu baada ya hapo koleo la korosho litakuwa limeshaingia kwenye embe.

Saa 7 na nusu ikifika, ondoa sinia hata kama kuna anayelitazama. Tende, halua, visheti na vileja virudi kwenye vyombo vyake na vitaliwa na chai ya jioni. Korosho zilizolegea zirudishe kwenye sufuria kavu kwa dakika chache. Sambusa, mishikaki, jibini na matunda yaliyokaa nje kupita saa 1 yatupwe, na usikubali mtu akufungie kwenye mfuko "kwa ajili ya safari", kwa maana basi la Moshi lina joto kuliko baraza lako. Kama sambusa mbichi zimebaki kwenye friza, hizo ndizo za kuwakaangia watakaolala.

Shangazi